Ajali Ina Kinga: Historia ya Chumba cha Kukosea

Kiswahili kina msemo unaowahi kufika kila maiti zinapolazwa kandokando ya barabara: ajali haina kinga. Jamaa huutamka ili kufarijiana, na kwa matumizi hayo sina ugomvi nao, maana mfiwa ana haki ya kushika neno lolote linalompoza. Ugomvi wangu huanza pale msemo huohuo unapotoka kinywani mwa mwenye dhamana, mbele ya vipaza sauti, kabla hata uchunguzi haujaanza. Hapo hugeuka kuwa muhuri wa kufungia jalada.

Nataka kuujibu msemo huo kwa historia ya mashine moja ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona, ingawa kila anayepanda ndege ya abiria amekabidhi uhai wake kwa kazi yake: mashine inayoiga ndege, ambayo marubani huiita simuleta. Nimeichagua kwa sababu usafiri wa anga ni miongoni mwa shughuli chache za binadamu ambazo zimekataa, kwa sheria na kwa bajeti, kuamini kwamba ajali haina kinga. Nimeichagua pia kwa sababu kinga hiyo haikushushwa na hekima tupu. Hatua zake kubwa zilitanguliwa na makaburi, na mara nyingi aliyesimama njiani kuzipinga alikuwa ameshika hesabu za gharama.

Ndege isiyoondoka chini

Tuanze na mashine yenyewe ilivyo leo. Kwa nje ni sanduku kubwa lisilo na mabawa, limesimama juu ya miguu sita ya vyuma ndani ya ukumbi wenye paa la juu. Kwa ndani ni chumba cha marubani kilichonakiliwa swichi kwa swichi kutoka katika aina moja ya ndege. Anayejifunza Airbus A320 hawezi kutumia simuleta ya Boeing 737, kama ambavyo mwenye ufunguo wa nyumba yake hafungui ya jirani. Mbele ya vioo kuna picha ya kompyuta inayoonyesha njia ya kurukia, mawingu, taa za mji na mvua. Miguu ile sita hurefuka na kufupika, na sanduku hutikisika, huinama na kuinuka. Rubani anapoongeza nguvu za injini, sanduku huinamishwa nyuma kidogo, naye mgongoni mwake huhisi kiti kikimsukuma kana kwamba anakimbia kwa kasi, ilhali hajasogea hata hatua kumi.

Nyuma ya marubani wawili hukaa mkufunzi mwenye skrini zake. Yeye ndiye hali ya hewa, ndiye muongoza ndege, ndiye hitilafu. Kwa kugusa skrini anaweza kuzima injini, kujaza ukungu uwanjani, kuwasha king'ora cha moto au kufanya kipima kasi kiseme uongo. Zoezi linalojulikana kuliko yote ni la injini kufa wakati ndege ikiwa mbioni kuondoka. Kwa kila safari marubani hukokotoa kasi fulani; kabla ya kuifikia wanaweza kufunga breki na kusimama, na baada ya kuivuka hawana budi kuruka, hata kama injini moja imekufa, kwa sababu barabara iliyobaki haitoshi. Uamuzi huo hufanywa kwa sekunde moja au mbili. Marubani wengi watastaafu bila kukutana na tukio hilo angani hata mara moja. Hata hivyo wamelifanya mara nyingi katika sanduku lile, hadi mikono imezoea kabla akili haijauliza.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka rubani wa ndege za biashara apimwe uwezo wake mara mbili katika kila mwaka, na simuleta zilizoidhinishwa hutumika kwa kazi hiyo. Zile za daraja la juu kabisa zinaaminiwa kiasi kwamba rubani mwenye uzoefu anayehamia aina nyingine ya ndege anaweza kumaliza mafunzo yote ndani yake. Siku anapoishika ndege halisi ya aina hiyo kwa mara ya kwanza, nyuma yake wameketi abiria, na kando yake yuko rubani mkufunzi. Msomaji anayesafiri mara kwa mara huenda amewahi kubebwa hivyo bila kujua. Asihofu. Historia inaonyesha kwamba utaratibu uliokuwapo kabla ya huo ulikuwa wa hatari zaidi.

Fundi wa vinanda na barua za Marekani

Tangu mwanzo wa urukaji watu walitafuta njia ya kujifunza wakiwa chini. Nchini Ufaransa, karibu mwaka 1910, wanafunzi wa ndege za Antoinette walikalishwa ndani ya kifaa kilichotengenezwa kwa nusu za pipa, wenzao wakikisukuma kwa mikono huku na huku, nao wakijitahidi kukiweka sawa. Lakini baba wa simuleta ni Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda mjini Binghamton, jimbo la New York. Kinanda cha enzi hizo kilikuwa mashine ya upepo: mivukuto kama ya mhunzi, mirija na vali. Link alichukua ujuzi huo akaunda kindege kidogo kilichokaa juu ya mivukuto, kikiinama na kugeuka kwa kufuata usukani. Aliomba hataza mwaka 1929 akaipata mwaka 1931. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya burudani, ambao waliwatoza watu senti chache kukipanda kama bembea. Wakuu wa urukaji hawakukitilia maanani.

Kilichowabadili mawazo ni vifo. Mwezi Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt alifuta mikataba ya kampuni zilizokuwa zikisafirisha barua kwa ndege, baada ya uchunguzi wa Seneti kudai kwamba mikataba hiyo iligawanywa kwa njama. Kazi ikakabidhiwa jeshi. Marubani wa jeshi walikuwa vijana hodari wa kuruka mchana katika anga jeupe. Sasa wakatumwa usiku, katika theluji na ukungu, wengi wakiwa hawajafundishwa vya kutosha kuruka kwa kutazama vipimo peke yake. Katika muda wa miezi michache zaidi ya kumi walikufa. Baadaye mwaka huohuo jeshi likanunua vindege sita vya Link, kila kimoja kwa dola 3,500.

Tuone hesabu hiyo ilivyo. Mashine ilikuwapo kwa miaka mitano, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya ndege yoyote iliyoanguka. Haikukosekana teknolojia wala haikukosekana fedha. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kukubali kwamba ujasiri wa rubani hautoshi. Vita Kuu ya Pili ilipofika, vindege hivyo vilitengenezwa kwa maelfu, na inakadiriwa kuwa zaidi ya marubani nusu milioni walipitia humo.

Somo la msingi la kindege cha Link lilikuwa la unyenyekevu: mwili hudanganya. Mtu aliyefungiwa ndani ya wingu hana upeo wa macho wa kumwambia juu ni wapi. Maji yaliyomo katika sikio la ndani huzoea mzunguko wa polepole, na baada ya muda huanza kuapa kwamba ndege imenyooka wakati imelala ubavu. Rubani anayeuamini mwili wake huanguka akiwa na uhakika kamili. Link aliwafunika wanafunzi kwa kifuniko wasione nje, akawalazimisha kuamini vipimo. Tutakutana na somo hilo tena huko mbele, katika usiku mmoja wa Afrika ya Kati.

Mafunzo yaliyoua

Baada ya vita mashirika ya abiria yaliingia. Mwaka 1948 Pan American ilipokea kutoka Curtiss-Wright mashine iliyoiga ndege nzima ya Boeing Stratocruiser, ingawa haikutikisika wala haikuwa na picha ya nje. Hata hivyo kwa miaka mingi iliyofuata sehemu kubwa ya mafunzo ya hatari iliendelea kufanywa katika ndege halisi. Mkufunzi alipunguza nguvu ya injini kwa makusudi karibu na ardhi, mwanafunzi akapambana, na wote wakaomba yasiwe mengine.

Usiku wa tarehe 30 Machi 1967, ndege ya Delta aina ya DC-8 ilikuwa katika mafunzo ya namna hiyo mjini New Orleans, ikijaribu kutua huku injini mbili kati ya nne zikiwa zimepunguzwa nguvu. Ilianguka katika makazi na kuigonga hoteli. Watu sita waliokuwa ndani walikufa pamoja na 13 waliokuwa chini, wakiwamo wasichana wa sekondari waliokuwa katika ziara ya shule. Wasichana hao hawakuwa wamepanda ndege ile. Walilipia kosa la mafunzo ya mtu mwingine wakiwa katika vyumba vyao vya kulala.

Naomba msomaji aushike mfano huo, kwa kuwa ndio moyo wa hoja yangu. Kila kazi ina makosa ya kujifunzia, na makosa hayo lazima yafanyike mahali fulani. Swali la kisiasa ni yafanyike wapi, na mwilini mwa nani. Simuleta ni jibu mojawapo: makosa yafanyike katika chumba kilichofungwa, ambamo rubani ataua abiria 180 wa kufikirika, atafuta jasho, kisha ataambiwa aanze upya.

Kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia mwaka 1973 kuliwasukuma wahasibu upande wa marubani, kwani saa moja ya kuchoma mafuta bila abiria ilikuwa imekuwa ghali. Kompyuta nazo zilikuwa zimeanza kuchora picha za nje. Mwaka 1980 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa mpango wa hatua tatu ulioruhusu mafunzo kuhamishwa kidogo kidogo kutoka angani hadi katika simuleta, kadiri mashine zilivyothibitishwa ubora. Kwa mara hii moja hesabu za gharama na uhai wa watu vilielekea upande mmoja. Si mara zote huwa hivyo, kama tutakavyoona.

Asiyesikia la mkuu

Hadi hapo simuleta ilikuwa imefundisha mikono. Ilikuwa bado haijafundisha midomo.

Tarehe 27 Machi 1977 Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan American, ziligongana katika ukungu kwenye njia ya kurukia ya Tenerife, visiwa vya Canary. Watu 583 walikufa, idadi ambayo haijapitwa na ajali nyingine yoyote ya ndege. Rubani mkuu wa KLM aliondoa ndege bila ruhusa ya kuruka. Fundi wa ndege aliyeketi nyuma yake aliuliza kama kweli Pan American ilikuwa imeshatoka njiani. Alijibiwa kwa mkato, naye akanyamaza. Rubani yule alikuwa mkuu wa wakufunzi katika shirika lake, mtu aliyekaa miaka mingi katika simuleta. Baadhi ya waliochunguza waliona kejeli katika jambo hilo: ndani ya simuleta mkufunzi hujipa mwenyewe ruhusa ya kuruka, kwa sababu yeye ndiye mnara. Chumba cha kukosea nacho kinaweza kufundisha kosa.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, DC-8 ya United iliyokuwa na watu 189 ilizunguka karibu na Portland kwa takriban saa nzima huku rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wasaidizi wake walijua mafuta yanakwisha. Walilitaja jambo hilo kwa adabu, kwa kuzunguka, kama mtumishi anavyomkumbusha bosi kitu ambacho bosi hataki kukisikia. Injini zilizimika moja baada ya nyingine na watu kumi wakafa. Ndege ilikuwa nzima na rubani alikuwa na uzoefu mkubwa. Kilichoua ni heshima iliyopitiliza.

Kiswahili kinafundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wataalamu wa anga walilazimika kuandika kinyume chake: mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wote. Mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha warsha juu ya namna marubani wanavyotumia watu na taarifa walizonazo chumbani. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wake uliowaweka marubani wa Boeing 747 katika simuleta, ukawapa safari nzima yenye matatizo ya kawaida, na kuwatazama wakifanya kazi kwa pamoja. Tofauti kati ya walioshinda na walioshindwa ilihusu zaidi namna walivyogawana kazi na kusemezana kuliko ustadi wa kushika usukani. Mwaka 1981 United ikaanzisha mafunzo kamili ya ushirikiano wa marubani, na dunia ikafuata.

Hapo ndipo simuleta ilipobadilika kutoka chumba cha mtihani kuwa ukumbi wa maigizo. Marubani hupewa safari kamili, kuanzia makaratasi hadi kutua, na mkufunzi hawakatizi. Wakimaliza, hukaa mezani kuitazama upya. Aliyekuwa mdogo huulizwa: ulipoona mafuta yanapungua, kwa nini hukusema wazi? Mkuu naye huulizwa: ulifanya nini kilichomfanya aogope? Katika mafunzo ya aina hiyo lengo huwa kujifunza, si kufaulu au kufeli, na desturi ni kufuta mkanda wa video baada ya mazungumzo. Kosa hujadiliwa, kisha mwenye kosa huachwa aendelee na kazi.

Abidjan, Douala, Addis Ababa

Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika historia hii, na tumelipa ada yetu. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000 ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310 iliondoka Abidjan kuelekea baharini. Mara baada ya kuacha ardhi king'ora kiliashiria kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Kilikuwa king'ora cha uongo. Rubani msaidizi, aliyekuwa akiendesha, alifanya kile ambacho king'ora kinamfundisha rubani kufanya: alishusha pua ya ndege. Chini kulikuwa na giza na maji, na hawakuwa na urefu wa kupoteza. Kati ya watu 179 walipona kumi tu.

Tarehe 5 Mei 2007, usiku tena, Boeing 737 ya shirika hilohilo iliondoka Douala kuelekea Nairobi. Ndege ilianza kulala upande wa kulia polepole, gizani, bila marubani wawili kugundua mapema. Rubani mkuu aliamini mtambo wa kujiendesha umeshika usukani, kumbe haukuwa umeshika. Alipozinduliwa na onyo, alikuwa ameshapoteza mwelekeo, na mikono yake ikazidi kuilaza ndege. Watu wote 114 walikufa. Wachunguzi waliandika juu ya upotevu wa mwelekeo na juu ya ushirikiano dhaifu kati ya mkuu na msaidizi wake. Somo la Link la mwaka 1934 na somo la Portland la mwaka 1978 yalikutana katika kinamasi kimoja cha Kameruni.

Wapo wanaosema nchi maskini haina uwezo wa kumudu mafunzo ya aina hii. Ni kweli kwamba simuleta moja ya daraja la juu hugharimu mamilioni ya dola, na mashirika madogo hulazimika kuwatuma marubani wao ng'ambo. Lakini kisa cha tatu kinakataa maelezo ya umaskini. Kinatoka Seattle, kwa mtengenezaji tajiri kuliko mashirika yote ya bara letu.

Boeing ilipounda 737 MAX, iliweka programu iitwayo MCAS iliyoweza kuishusha pua ya ndege yenyewe kwa kutegemea kipimo kimoja tu. Marubani wa MAX hawakuelezwa habari zake katika vitabu vyao. Kwa waliokuwa wakirusha 737 za kizazi kilichotangulia, mafunzo ya kuhamia ndege mpya yalikuwa kozi fupi ya kompyuta. Sababu ilikuwa ya kibiashara: shirika lisilolazimika kuwaingiza marubani katika simuleta huokoa fedha na muda, kwa hiyo ndege huuzika. Katika mkataba wake na Southwest, Boeing iliahidi kupunguza dola milioni moja katika bei ya kila ndege endapo mamlaka zingedai mafunzo ya simuleta. Fikiria maana ya ahadi hiyo. Chumba cha kukosea kilikuwa kimewekewa faini.

La kuumiza zaidi ni kwamba simuleta ilikuwa imesema mapema. Ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani ya Septemba 2020 inaeleza kuwa mwaka 2012 rubani wa majaribio wa Boeing, akiwa katika simuleta, alitumia zaidi ya sekunde kumi kuitambua na kuijibu MCAS iliyojiwasha bila sababu, naye akaiona hali hiyo kuwa ya maangamizi. Mashine ilitoa ushahidi wake, na ushahidi ukaishia kwenye makabrasha.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka katika bahari ya Java na kuua watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka, ikaua watu 157. Taifa lililopoteza watu wengi kuliko yote lilikuwa Kenya: raia 32. Mwezi Mei mwaka huo Boeing ilikiri kuwa hata programu ya simuleta za MAX ilikuwa na kasoro, isiyoiga sawasawa baadhi ya hali za dharura. Mwezi Januari 2020 ikapendekeza mafunzo ya simuleta kwa marubani wote wa MAX, na mamlaka ya Marekani ikayafanya sharti ilipoiruhusu ndege hiyo kurejea angani mwezi Novemba. Kilichokataliwa kwa kuogopa hasara ya dola milioni moja kwa ndege kikakubaliwa baada ya maiti 346.

Sidai kwamba simuleta peke yake ingewaokoa. Kasoro ilikuwa katika usanifu, na hakuna mafunzo yanayopaswa kubebeshwa kazi ya kuficha kasoro ya kiwanda. Ninachodai ni kidogo zaidi, lakini ni kizito: kama marubani wa kawaida wangeingizwa katika simuleta sahihi na kukutanishwa na MCAS kabla ya abiria, siri isingedumu.

Nani hujifunzia juu ya nani?

Nimeandika kirefu juu ya ndege kwa sababu nafikiria juu ya dola. Historia hii inatuachia kanuni tatu ambazo mtumishi wa umma yeyote anaweza kuzipima dhidi ya ofisi yake.

Ya kwanza: cheo hakimwondolei mtu mtihani. Rubani aliyeruka miaka 25 hurudi katika sanduku lile mara mbili kwa mwaka, anatokwa jasho mbele ya mkufunzi ambaye huenda ni mdogo kwake kwa umri, na akishindwa haruki hadi afaulu. Kwetu uteuzi huchukuliwa kuwa ushahidi wa uwezo, na kadiri mtu anavyopanda ngazi ndivyo anavyopungukiwa na watu wa kumpima.

Ya pili: kujifunza kutenganishwe na kufedhehesha. Anayeumbuliwa mbele ya kamera kwa kosa lake hajifunzi kutokosea, hujifunza kuficha. Walio chini yake hujifunza haraka zaidi. Ofisi ambayo kosa lake la kwanza huonekana gazetini ni ofisi iliyokosa chumba cha kulionea mapema.

Ya tatu: anayepata faida kwa kukosekana kwa mafunzo asiwe ndiye mwenye kuamua kama mafunzo yanahitajika. Kisa cha MAX kinatosha kuwa hoja, na mwanafunzi wa sheria au wa siasa anaweza kukitumia kupima mikataba yetu ya mabasi, vivuko, migodi na madawa.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR iliangukia katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, kwa mitumbwi na makasia. Watu 19 walikufa, na taifa zima liliona katika simu zake kamba zikivutwa kwa mikono kutoka ufukweni. Ushujaa wa wavuvi wale hauna shaka, lakini ushujaa ndio ule ambao jeshi la Marekani liliutegemea mwaka 1934. Kanuni za kimataifa hutaka viwanja vya ndege vyenye cheti vifanye zoezi kamili la dharura angalau mara moja katika kila miaka miwili, la magari, watu, hospitali na mawasiliano. Uwanja uliopakana na ziwa unahitaji mitumbwi katika zoezi hilo.

Kwa hiyo nawaachia wasomaji wangu walio serikalini, katika halmashauri, hospitali, tume, vivuko na zimamoto, swali ambalo haligharimu hata shilingi moja kuliuliza katika kikao kijacho. Katika idara yenu, ni lini mara ya mwisho mlikaa chini mkaigiza siku mbaya kuliko zote, mkaruhusu mdogo kuliko wote aseme alichokiona, mkaandika mlipokwama? Kama jibu ni kwamba hamjawahi, basi nanyi mna simuleta yenu. Ni wananchi.